Hiari ya Nani? Yaliyonipata Nilipojenga Python Bila Kusoma Mstari wa Mwisho

Nilimwambia mwenzangu mara tatu kwamba faili lake limeharibika. Mara ya kwanza alilituma tena bila neno. Mara ya pili alilibana upya, akalituma pamoja na namba yake ya uhakiki ya SHA-256 ili nione kama lilibadilika njiani. Mara ya tatu aliniuliza kwa upole, "Kaka, una hakika tatizo liko kwangu?"

Nilikuwa na hakika. Namba niliyoipata upande wangu ililingana na yake herufi kwa herufi, na bado nikamjibu kwamba huenda programu yake ya kubana ndiyo yenye kasoro. Kumbe kasoro ilikuwa kwenye Python, lugha ya programu inayoendesha zana yetu, niliyoijenga kwa mikono yangu wiki tano kabla, na ujenzi huo ulikuwa umenionya waziwazi. Onyo lilipita kwenye skrini, mimi nikaangalia neno moja tu, kama amri imekwisha salama, nikafunga dirisha.

Nasimulia haya kwa ajili ya mtu ambaye kesho au keshokutwa atalazimika kujenga programu kutoka kwenye msimbo chanzo, yaani kuugeuza msimbo ulioandikwa na watu kuwa programu inayokimbia, na ambaye, kama mimi wakati ule, anaamini kwamba ujenzi usio na hitilafu ni ujenzi uliotimia.

Kazi yenyewe ilianza hivi. Tulikuwa na zana ya kupokea data kila usiku, kuifungua, kuihakiki na kuipanga. Iliandikwa kwa Python 3.9. Seva iliyotakiwa kuibeba ilikuwa na CentOS 7, mfumo endeshi wa Linux ambao Python yake ni 2.7, na hiyo haiguswi kwa sababu yum, programu yake ya kusakinisha vifurushi, inaitegemea. Kubadilisha mfumo endeshi hakukuwa mikononi mwangu. Basi nikapakua msimbo chanzo, nikaufungua na kuandika amri zile ambazo kila mwongozo unazo, ya kukagua mashine, ya kujenga na ya kusakinisha:

./configure --prefix=/opt/python39
make
make altinstall

Hapo kwenye altinstall nasimama kidogo, maana ni jambo nililolifanya sawa na linaokoa watu. Ukiandika make install, jina python3 linachukuliwa na toleo lako jipya ndani ya folda uliyoichagua, na kama folda hiyo ni ya mfumo unaweza kuvuruga zana nyingine zinazolitegemea jina hilo. Altinstall inaweka python3.9 pekee na kuliacha jina la jumla lilivyo.

Ujenzi wa kwanza ulianguka mwishoni kabisa, wakati wa kusakinisha pip, zana ya Python ya kupakua vifurushi: "can't decompress data; zlib not available". Nikasakinisha zlib-devel, nikarudia. Safari hii ulifika mwisho, lakini pip ilipojaribu kupakua kifurushi cha kwanza ikalalamika kwamba moduli ya ssl haipo, na bila hiyo haiwezi kuzungumza na seva yoyote kwa njia salama. Nikasakinisha openssl-devel, nikarudia. Kisha maktaba moja tuliyoihitaji ikakataa kuingia: "No module named '_ctypes'". Hiyo nayo ilinichukua muda, mpaka nilipojua kwamba tangu toleo la 3.7 Python ya Linux haiji tena na nakala yake yenyewe ya libffi, maktaba ambayo _ctypes inaitegemea. Ni lazima uwe nayo kwenye mashine. Nikasakinisha libffi-devel, nikarudia mara ya nne.

Baada ya hapo kimya. Pip inafanya kazi, vifurushi vyote vimeingia, majaribio yetu yamepita, zana imekimbia usiku wa kwanza na asubuhi data ilikuwa mahali pake. Nikaandika kwenye ripoti kwamba kazi imekamilika.

Nikiutazama mchana ule sasa naona vizuri nilichokuwa nikifanya. Nilikuwa nikitibu kila kilichopiga kelele, na kelele zilipokoma nikadhani mgonjwa amepona. Zile tatu, zlib, ssl na ctypes, zina bahati ya kupiga kelele mapema kwa sababu pip na vifurushi vya kawaida vinazigusa mara moja. Nyingine hazina bahati hiyo. Zinakaa kimya hadi siku utakapozihitaji, na siku hiyo hakuna anayekumbuka ujenzi.

Mstari ambao sikuusoma unatokea karibu na mwisho wa make, na kwa toleo lile uliandikwa hivi:

The necessary bits to build these optional modules were not found:

Chini yake yanafuata majina. Kwangu yalikuwamo _bz2, _curses, _lzma, _sqlite3, _tkinter na readline. Kisha make inaendelea na shughuli zake na kurudisha 0, yaani salama. Neno lililonipoteza ni optional, la hiari. Nilipoliona baadaye nilijiuliza, hiari ya nani? Kwa waliotengeneza Python, sqlite3 ni ya hiari kwa maana kwamba Python inaweza kuzaliwa na kuishi bila hiyo. Kwangu mimi, ambaye zana yangu iliandikwa kutumia hifadhidata ya SQLite kila usiku, haikuwa na hiari yoyote ndani yake. Mtengenezaji anasema juu ya programu yake. Hajui yako.

Kulikuwa na dalili moja niliyoiona kwa macho yangu tangu siku ya kwanza. Nilipofungua python3.9 na kubonyeza mshale wa juu ili nirudishe amri iliyotangulia, badala ya amri yakatokea maandishi ^[[A. Nikabonyeza tena, ^[[A^[[A. Niliudhika, nikaandika amri upya kwa mkono, nikaendelea na kazi. Nilifanya hivyo kwa wiki tano. Hiyo ilikuwa readline, moduli inayorudisha amri zilizotangulia, ikiniambia kwamba haipo, na readline ilikuwa kwenye orodha moja na wenzake. Laiti ningeuliza kwa nini mshale haufanyi kazi, ningeufikia ule mstari kabla haujamfikia mtu mwingine.

Wiki ya tano mwenzangu anayetutumia data alibadilisha namna ya kubana. Awali alikuwa akituma .tar.gz, sasa akaanza kutuma .tar.xz kwa sababu mafaili yalitoka madogo zaidi. Alitujulisha kabla. Nikamjibu kwamba hakuna tabu, Python inafungua zote mbili. Na ni kweli inafungua, ikiwa ilijengwa na liblzma, maktaba ya mbano wa xz.

Usiku ule zana ilisimama na ujumbe huu: "file could not be opened successfully". Basi. Haikutaja lzma popote. Sababu yake inafaa kuelezwa, maana ndiyo iliyonipeleka kumlaumu mtu. Moduli ya tarfile, ukiiambia ifungue faili bila kutaja aina ya mbano, inajaribu njia zote moja baada ya nyingine. Njia isiyofaa inarukwa. Na njia ambayo moduli yake haipo inarukwa vilevile, kimyakimya, kama kwamba faili si la aina hiyo. Zote zikishindwa, toleo lile lilisema tu kwamba faili halikufunguka. Kwa mtu anayesoma ujumbe huo saa kumi na mbili asubuhi, maana yake ni moja: faili ni bovu.

Ndipo zikaja zile barua tatu. Siku mbili nzima tulikuwa tukirushiana mafaili. Yeye aliacha kazi zake akajaribu kubana kwa mashine nyingine, akajaribu kiwango cha chini cha mbano, akajaribu kugawa faili. Hakuna aliyefikiri kulifungua kwenye seva ile ile kwa amri ya kawaida ya tar, na wa kufikiri hivyo nilikuwa mimi, maana seva ilikuwa kwangu.

Jioni ya siku ya pili nilifanya hivyo, kwa nia ya kupata ushahidi wa mwisho dhidi ya faili. Nikaandika tar -xf na jina lake. Likafunguka lote, bila neno. Nilikaa nikitazama skrini kwa muda. Tar ya mfumo inaita programu ya xz iliyo nje, Python inategemea moduli yake ya ndani. Nikaingia Python nikataja aina ya mbano waziwazi, 'r:xz', na safari hii jibu likaja wazi: "lzma module is not available". Nikaandika import lzma, nikapata: "No module named '_lzma'".

Hata hapo sikukubali upesi. Nilikagua orodha ya maktaba za mfumo kwa ldconfig -p nikaona liblzma.so.5 imekaa pale. Nikasema, maktaba ipo, basi Python ndiyo imekosea. Hili ni kosa ambalo nimewaona wengi wakilifanya baada yangu, kwa hiyo nilifafanue. Maktaba kwenye Linux kwa kawaida huja kwa vipande viwili. Kipande cha kwanza ni cha kutumia: faili la .so lenye namba, ambalo programu zilizokwisha kujengwa hulipakia zinapokimbia. Kipande cha pili ni cha kujengea: mafaili ya heda, kama lzma.h, ambayo kompaila huyasoma ili ijue maktaba ina nini, pamoja na kiungo cha .so kisicho na namba ambacho hutumika wakati wa kuunganisha. Seva yangu ilikuwa na kipande cha kwanza tu, kwa kuwa yum na programu nyingine zilikihitaji. Kipande cha pili kiko kwenye kifurushi tofauti ambacho jina lake huishia na -devel kwenye Fedora na jamaa zake, au -dev kwenye Debian na Ubuntu.

Na majina yenyewe hayafuatani. Moduli inaitwa _lzma, heda ni lzma.h, lakini kwenye CentOS kifurushi ni xz-devel, na kwenye Debian ni liblzma-dev. Moduli ya sqlite3 inataka sqlite-devel huku, libsqlite3-dev kule. Zlib ni zlib-devel, au zlib1g-dev yenye ile 1g katikati. Usikisie. Ukijua jina la heda iliyokosekana, iulize meneja wa vifurushi: dnf provides '*/lzma.h' kwenye familia ya Fedora (yum provides kwenye mifumo ya zamani), au apt-file search lzma.h kwenye Debian ukishaisakinisha apt-file. Na kama unajenga programu ambayo mfumo wako tayari unaisambaza kwa toleo la zamani, kuna njia fupi zaidi: apt build-dep python3.11 (weka namba ya toleo la mfumo wako) au dnf builddep python3 husakinisha kwa pamoja vyote ambavyo wasambazaji walivitumia kuijenga. Kwa upande wa apt unahitaji mistari ya deb-src iwe imewashwa. Ningeijua amri hiyo siku ya kwanza, simulizi hii isingekuwapo.

Kabla ya kujenga upya nilimpigia simu mwenzangu. Sikutaka kuandika. Nilimwambia, "Dada, faili lako lilikuwa zima tangu mwanzo. Python yangu ndiyo haikuwa na uwezo wa kulifungua, na niliijenga mimi." Alinyamaza kidogo, akasema, "Namba zililingana, kaka. Nilikuonyesha." Hakuwa na hasira, na hilo lilinichoma kuliko hasira. Nilikuwa na ushahidi mikononi na nikauweka kando kwa sababu niliamini kazi yangu kuliko kazi yake. Tangu hapo, ujumbe wowote unaosema faili halifunguki naanza nao kwangu.

Gharama ilikuwa hii: siku mbili zangu, siku moja na zaidi yake yeye, na mikusanyo ya usiku iliyorundikana kwenye foleni ambayo tulilazimika kuipitisha upya mmoja mmoja. Na imani, ambayo ilichukua muda mrefu zaidi kurudi.

Nilipojenga mara ya tano nilifanya mambo tofauti. Nilifuta kila kitu cha ujenzi wa awali kwa make distclean, maana skripti za configure na zana nyingine za ujenzi hubeba majibu ya zamani, na ukisakinisha maktaba kisha ukaendeleza ujenzi uleule unaweza kuambiwa haipo huku unaiona. Nikahifadhi logi yote:

set -o pipefail
make 2>&1 | tee ujenzi.log

Mstari wa kwanza una kazi yake. Bila huo, amri nzima hurudisha jibu la tee, ambayo karibu daima imefaulu, na make ikianguka skripti yako haitajua. Kisha nikasoma ujenzi.log kuanzia chini kwenda juu. Palipokuwa na shaka nikafungua config.log, faili ambalo configure huliacha nyuma na ambalo watu wengi hawalifungui kamwe. Mle ndani kila jaribio limeandikwa: msimbo mdogo uliojaribiwa, amri ya kompaila iliyoutumia na kosa lililorudi. Ukitafuta neno "fatal error" utayakuta majina ya heda zilizokosekana zilizotafutwa na configure. Si zote unazozihitaji, kwa hiyo usishtuke. Linganisha na ulichokitaka.

Orodha ilipoisha nikagundua jambo la pili ambalo sikulitafuta. _sqlite3 nayo ilikuwa haipo wiki zote hizo, na zana yetu haikuwahi kulalamika. Nilifungua msimbo nikaona mistari niliyoiandika mwenyewe mwaka uliotangulia: jaribu kuleta sqlite3, ukishindwa tumia faili la JSON. Niliiweka kwa nia njema, ili zana ikimbie popote. Matokeo yake ilikuwa ikikimbia kwa njia ya polepole kila usiku, dakika 40, na mimi nilikuwa nimemwambia kila aliyeuliza kwamba seva ni ya zamani. Kwa sqlite3 ilichukua dakika 6.

Hapo nilielewa kwamba tabia hii haiko kwa wajenzi wa Python peke yao. Mimi pia ninaizalisha. Kila ninapoandika "kama haipo, endelea bila hiyo", ninaamua kwa niaba ya mtu nisiyemjua kwamba hataihitaji, na simwambii. Siku hizi nikiweka njia mbadala ya namna hiyo ninaandika mstari kwenye logi wakati programu inaanza: njia gani imechaguliwa na kwa nini. Na pale ambapo njia mbadala inabadilisha kasi au matokeo kwa kiasi cha kuonekana, siiweki kabisa, naiacha ianguke.

Niliendelea vizuri kwa muda, mpaka tulipohamia Python 3.10. Toleo hilo lilipandisha sharti la usimbaji fiche: linataka OpenSSL 1.1.1 au mpya zaidi, na CentOS 7 ina 1.0.2. Kifurushi cha -devel kilikuwapo, heda zilikuwapo, na bado moduli ya ssl haikujengwa. Hii ni aina nyingine ya kukosa: kitu kipo, ila umri wake hautoshi. Safari hii logi niliisoma, kwa hiyo nililijua ndani ya dakika. Nikajenga OpenSSL mpya kwenye /opt/openssl nikaielekeza Python huko kwa --with-openssl=/opt/openssl.

Ikajengwa, na ikatoweka. Logi ilisema moduli zimejengwa salama lakini zimeondolewa kwa sababu hazikuweza kupakiwa: _hashlib na _ssl. Nilisoma mstari ule mara kadhaa. Kompaila ilikuwa imeiona OpenSSL yangu mpya, lakini programu ilipokimbia kujijaribu, mfumo uliitafuta libssl kwenye njia zake za kawaida na haukuikuta. Dawa ilikuwa kuongeza --with-openssl-rpath=auto, chaguo lililokuja na toleo hilohilo la 3.10, ambalo huandika ndani ya moduli mahali pa kutafuta maktaba. Wengine hutumia LD_LIBRARY_PATH. Hufanya kazi, lakini ni lazima ukumbuke kuiweka kila mahali programu inapoanzishwa, na kazi za usiku zinazoendeshwa na cron hazirithi mazingira yako. Mimi naona njia iliyoandikwa ndani ya moduli ni salama zaidi.

Anguko la mwisho la kusimulia lilitokea tulipohamisha zana kwenye kontena zenye Debian, yaani mazingira yaliyofungwa pamoja na kila kinachohitajika na programu. Nilijenga kwa hatua mbili kama inavyoshauriwa: ya kwanza ina kompaila na vifurushi vyote vya -dev, ya pili ni nyepesi na inanakili tu /opt/python iliyokamilika. Kwenye hatua ya kwanza niliweka jaribio langu, na likapita. Kwenye uzalishaji ikaja: "libsqlite3.so.0: cannot open shared object file". Safari ya kwanza nilikuwa na kipande cha kutumia bila cha kujengea. Sasa nilikuwa nimejengea kimoja na kusahau kubeba kingine. Hatua ya pili ilihitaji libsqlite3-0, kifurushi kisicho na -dev. Kuyaona yote ya namna hiyo kwa mkupuo, amri ni hii, na iendeshwe ndani ya kontena la mwisho:

ldd /opt/python/lib/python3.12/lib-dynload/*.so | grep "not found"

Ikirudi tupu, maktaba zote zinazohitajika zimepatikana. Na jaribio la kuleta moduli nililihamishia kwenye hatua ya mwisho, mahali ambapo programu itaishi. Lenyewe ni mstari mmoja:

/opt/python/bin/python3.12 -c "import bz2, ctypes, lzma, readline, sqlite3, ssl, zlib"

Yoyote ikikosekana, amri inarudisha kosa na ujenzi wa kontena unasimama palepale. Mstari huu mmoja ungenikinga na karibu yote niliyoyasimulia hapa. Wenye Python 3.12 kwenda mbele wana nafuu nyingine: configure yenyewe inaorodhesha kila moduli ya hiari na hali yake, yes, missing au disabled, kabla hujapoteza hata dakika moja ya kukompaili. Chuja logi ya configure kwa neno missing.

Baada ya hapo nilianza kuiona tabia hii kila mahali. Git ikijengwa bila libcurl inafanya kazi zote za ndani vizuri, hadi utakapojaribu kuvuta kitu kwa https ndipo iseme haina msaidizi wa njia hiyo. Ruby mwishoni mwa ujenzi huorodhesha viendelezi visivyojengwa kisha huendelea, na tangu 3.2 haibebi tena nakala ya libyaml, kwa hiyo psych, kiendelezi kinachoitegemea libyaml, ni rahisi kukosekana kwa aliyezoea matoleo ya zamani. Kwa upande mwingine, curl walifanya ninachokitamani kwa wote: tangu 7.77.0 ya mwaka 2021, configure yao inakataa kuendelea mpaka useme unataka maktaba gani ya TLS, yaani ya mawasiliano salama, au useme waziwazi kwamba huitaki kwa --without-ssl. Nawashukuru kwa hilo. FFmpeg nayo ukiiambia --enable-libx264 na isiikute, inasimama.

Kinachotofautisha makundi haya mawili ni nani anaamua. Skripti ikiachwa ijitafutie, programu unayoipata inategemea kilichokuwamo kwenye mashine siku hiyo. Watu wa Gentoo, Linux ambayo kwa kawaida hujenga programu zake kutoka kwenye msimbo chanzo, wana jina la vitegemezi vya namna hii, automagic, na wanavipiga vita kwa sababu vina madhara pande zote mbili: unakosa ulichokihitaji, au unabebeshwa usichokitaka kwa kuwa tu kilikuwapo kwenye mashine ya kujengea, kisha programu inaanguka ikihamishwa. Kwa hiyo sasa nataja kila kitu. Kwenye Meson, zana ya ujenzi, kila chaguo la aina hii lina hali tatu, enabled, disabled na auto, na mimi naondoa auto zote kwa -Dauto_features=disabled kisha nawasha ninazozihitaji moja moja. Kwenye CMake, zana nyingine ya ujenzi, tangu 3.22, kuna CMAKE_REQUIRE_FIND_PACKAGE_ ikifuatiwa na jina la kifurushi, inayogeuza cha hiari kuwa cha lazima bila kugusa msimbo wa mwenyewe, na pacha wake CMAKE_DISABLE_FIND_PACKAGE_ kwa usichokitaka. Kwenye configure za kawaida taja --with na --without, lakini angalia tahajia yako: configure ikikutana na chaguo isilolijua hutoa onyo la "unrecognized options" na kuendelea. Nimewahi kukosea herufi moja na kupata programu isiyo na kile nilichokiomba.

Kwenye folda ya kila ujenzi wangu kuna faili dogo la maandishi linaloorodhesha maktaba za hiari za programu ile. Mbele ya kila jina nimeandika ndiyo au hapana, na sababu. Tkinter: hapana, seva haina skrini. Lzma: ndiyo, data ya kila usiku. Sqlite3: ndiyo, bila hiyo zana ianguke. Mwenzangu yule ndiye aliyeomba safu ya sababu iongezwe, na huwa analisoma kabla ya kubadilisha chochote kwenye mafaili anayotutumia.

Na toleo jipya likishajengwa, kabla ya jaribio lolote, nalifungua kwa mkono, naandika amri moja, kisha nabonyeza mshale wa juu.